Usaha Uliokataa Kuota

Mimi ni mkulima wa mpunga, kuotesha nakujua. Unachagua mbegu, unailoweka, unaifunika na gunia mpaka ichipue, ndipo unaimwaga kitaluni. Unaotesha kitu unachokitaka. Maishani mwangu sijaona mtu anaotesha magugu kwa makusudi. Kwa hiyo siku ile daktari wa hospitali ya mjini Mpanda aliponiambia kwamba usaha wa mguu wangu utapelekwa maabara ukaoteshwe, nilimwangalia usoni nione kama ananitania. Hakuwa ananitania. Alikuwa anaandika.

"Ukaoteshwe uwe nini?" nikamuuliza.

"Tuwaone hao wadudu, bibi. Tukishawaona tunawawekea dawa mbalimbali, tunaangalia ipi inawazuia wasikue."

"Si uniwekee mimi hizo dawa mbalimbali?"

"Umeshawekewa. Hiki kidonda kimekula dawa za duka zima. Sasa nikibahatisha tena nikakosa, kitaingia kwenye mfupa, na kikishaingia kwenye mfupa…" Akaweka kiganja chini kidogo ya goti langu, akakipitisha taratibu, kama mtu anayekata mkate.

Mpaka leo nakiona kile kiganja.

Nieleze kwanza kidonda kilivyoanza, maana wengi wanadhani ni sukari. Sina sukari, nimepimwa. Kilikuwa kisiki. Majaruba yangu yako kwetu Usevya, bondeni, na mwaka ule mvua ilishusha magogo na matawi kutoka huko juu, maji yakayazika kwenye tope. Nikiwa napandikiza nikahisi kitu kimenichoma kwenye muundi. Nikachomoa kibanzi chake, nikafunga kitambaa, nikaendelea, maana miche ikishang'olewa haikungoji uugue. Tena ulikuwa mwaka wa viboko. Walikuwa wanatoka hifadhini wanakuja kula mpunga kana kwamba wameulima wao, na ukichelewa kupandikiza unawakuta wenzako wameshavuna wewe unabaki peke yako kufukuza viboko. Basi mguu nikausahau. Nilipoukumbuka ulikuwa umeshaanza kutoa maji.

Kwetu kidonda kinamwagiwa rangi mbili. Ile kapsuli, huku nyekundu huku njano, unaifungua katikati unamwaga unga wake. Hakuna nyumba isiyokuwa nayo. Hata kuku wakianza kusinzia tunawatilia kwenye maji. Niliimwaga hiyo mpaka mguu ukawa wa njano, na kidonda kikawa kinakauka juu, chini kinachimba. Zahanati wakanipa vidonge, wakanipa vingine, mwisho wakaniandikia kwenda mjini. Nikapanda gari, tukapita ile barabara ya hifadhini yenye ndorobo, wale mbung'o wanaouma, na ndorobo wote wa lile gari walikuja kwangu. Abiria wakawa wanafungua madirisha, wanafunga madirisha, hakuna anayesema neno. Nilikuwa najua kwa nini.

Mjini nilifikia kwa mdogo wangu. Anakaa Kashaulili, jirani na soko, na uani kwake ana mgahawa: chai na chapati asubuhi, wali maharage na ugali dagaa mchana. Wanaokula pale ni bodaboda, wabeba mizigo na wauza nguo. Mdogo wangu ni mtu wa usafi tangu utoto wetu. Mama alikuwa akimwambia atatoboa sufuria kwa kusugua. Vitambaa vya meza zake ni vyeupe, ukivitazama juani macho yanauma, na uani pote pana harufu ya sabuni na dawa za kufulia. Hiyo harufu naisema kwa kuambiwa. Mimi navuta ugoro tangu nikiwa na meno yote, pua yangu ni pambo tu.

Sasa kuna jambo ambalo nisipolisema hamtaelewa kwa nini roho yangu ilikuwa vile. Yale majaruba ni ya baba yetu. Alituachia wote wawili. Mdogo wangu akaolewa akaja mjini, mimi nikabaki nikalima, na kila mavuno namtumia mchele wake, sijawahi kuruka. Hatukuwahi kugombana. Lakini msimu uliotangulia kidonda, kijana wake mkubwa alikuja Usevya, akatembea juu ya kingo za majaruba na viatu vya mjini, anapiga picha na simu huku na huku. Alipomaliza akaniambia, "Mama mkubwa, ukichoka sema tu."

Nikamwambia sijachoka. Akacheka, akasema, "Mimi nasema tu."

Mtu mwenye mguu mmoja hasimami kwenye tope. Mguu ukikatwa nimechoka, hata nisiposema.

Basi siku ya kupeleka usaha, mdogo wangu aliamka kunitengeneza. Aliniletea beseni la maji ya uvuguvugu, akaniosha kidonda kama kila asubuhi tangu nifike, akanifuta, akanipaka mafuta ya mgando mguu mzima ule mwingine, akanifunga kanga mpya.

"Hatuendi kwa daktari tunanuka," alisema. "Watasema hatuna watu."

"Maji yanawasha," nikamwambia.

"Ni chumvi, dada. Chumvi lazima iwashe. Ulitaka nikuoshe na soda?"

Kule maabara nikamkuta mama mmoja mnene, koti jeupe, uso haujui kucheka. Nilimsalimia akaitikia bila kuinua macho. Akachukua kijiti chenye pamba nchani, akakizungusha ndani ya kidonda mpaka nikamtaja Bikira Maria, akakitumbukiza kwenye kichupa, akafunga. "Rudi tukikuita," akasema.

Walipoita, jibu lilikuwa hakikuota kitu.

"Hakikuota?" nikamuuliza daktari. "Mbona kidonda kinatoa usaha? Huo usaha ni uji?"

Daktari naye akakuna kichwa. Akasema warudie. Nikarudi kwa mdogo wangu, na ndiyo siku niliyoanza kuwaza. Pale kwenye mabenchi ya hospitali ukikaa utasikia mengi. Mama mmoja aliniambia kwamba vitu vinavyotoka kwenye mwili wa mtu vina bei huko nje, ndiyo maana wanachukua, wanachukua, na majibu hakuna. Mwingine akasema hapana, wanachanganya tu, jibu lako anapewa mzee fulani wa Magamba na la huyo mzee unapewa wewe. Nikawaza, kama yule mzee ana mguu mzima akaambiwa ukatwe? Na mimi nikaambiwa sina kitu mpaka nioze? Sikulala vizuri.

Mara ya pili nikaoshwa tena, nikavishwa tena, nikaenda. Safari hii sikutoka mlangoni. Nilisimama pale pale nikaangalia anachofanya. Yule mama wa maabara akatoa kisahani chepesi chenye kifuniko, na ndani yake kuna kitu chekundu kimeganda.

"Hiyo ni damu," nikasema.

"Ndiyo."

"Damu ya nani?"

"Ya kondoo."

"Kondoo wa nani?"

Ndipo akaniangalia. "Bibi, hawa wadudu hawali ugali. Wanataka damu ndiyo waote. Kondoo ni wa hospitali, mzima, anakula majani. Umeridhika?"

Sikuridhika. Mtu anayewalisha wadudu damu ili wanenepe, unamridhikia vipi? Lakini niliona kwa macho yangu akipaka kile kijiti juu ya ile damu, mstari, mstari, kama anayepanda mistari ya mahindi, akafunika, akaandika, akaingiza kwenye kabati lenye joto. Angalau nikajua kisahani changu ni kipi. Nikaondoka nikisema kimoyomoyo, leo hamnidanganyi.

Hakikuota.

Safari hii hakuniita daktari. Aliniita yeye mwenyewe yule mama wa maabara, akafunga mlango, akakaa mbele yangu na kile kisahani mkononi. Damu ilikuwa safi, haina hata doa.

"Bibi, unakunywa dawa gani?"

"Daktari alinisimamishia zote."

"Unamwagia nini?"

"Nilikuwa namwagia rangi mbili, nikakatazwa, nikaacha."

"Bibi, kuna kitu unanificha."

"Na wewe kuna kitu unanificha," nikamwambia.

Tukaangaliana. Nilimwona anashangaa, halafu ule mshangao ukageuka kuwa kitu kingine, kana kwamba amefurahi kupata mtu wa saizi yake. Akasogeza kiti.

"Mimi nadhani wewe unatumia dawa kwa siri. Wewe unadhaniaje juu yangu?"

"Nadhani usaha wangu umeuchukua, kisahani hicho umenibadilishia."

"Niupeleke wapi usaha wako?"

"Unakojua."

Akatikisa kichwa. Akainama, akaninusa mguu, kabisa, pua yake karibu na kidonda, mpaka nikaona aibu. Akainuka taratibu. "Unaoshea nini hapa?"

"Maji ya chumvi."

"Anakuosha nani?"

"Mdogo wangu. Tumbo moja."

Hapo akaniambia kesho nimletee yale maji. Yale yale ya kunioshea, kabla hayajagusa kidonda. Kama ni chumvi, chumvi haina neno.

Sikumwambia mdogo wangu. Kwa nini sikumwambia? Nilikuwa na sababu, nayo ilikuwa inatembea juu ya kingo za majaruba ikipiga picha. Asubuhi alipoleta beseni nikamwambia, "Kitambaa hiki kimechakaa, niletee kingine." Alipoingia ndani nikachomoa chupa ya maji ya kunywa niliyoificha chini ya kanga, nikaizamisha kwenye beseni, nikaifunga. Nimembeba mdogo wangu mgongoni akiwa mtoto, nikiwa nachota maji bondeni, nimempa ugali wangu, na sasa namwibia maji ya kuniosha mwenyewe. Aliporudi na kitambaa nikamshukuru kwa sauti kubwa kupita kiasi. Akaniangalia.

"Umeamkaje leo dada?"

"Salama. Osha."

Mama wa maabara alipokea ile chupa, akaifungua, akaisogeza puani. Akatoa kisahani kingine, hiki hakikuwa na damu, kilikuwa cha manjano hafifu kama mafuta ya kondoo yaliyoganda. Akapaka wadudu juu yake, kisahani chote, hakuacha nafasi.

"Wa nani hao?" nikauliza.

"Wa hapa hapa maabara. Tunao wa kupimia."

"Mnawafuga?"

"Tunawafuga."

Nilikuwa najua.

Halafu akachanganya maji ya chumvi mbele yangu, akachovya kijikaratasi cha duara, kidogo kama kichwa cha msumari, akakiweka upande mmoja. Kingine akakichovya kwenye maji ya chupa yangu, akakiweka upande wa pili. Kabla hajafunika nikamwambia subiri. Nikachomoa pini ya kanga yangu nikachora msalaba juu ya kifuniko, na mwingine chini ya kisahani, ili nikirudi nijue ni chenyewe. Kijana mmoja wa pale akacheka mpaka akatoka nje. Yule mama hakucheka. Akasema, "Chora vizuri, uonekane."

Kesho yake nilikuwa wa kwanza mlangoni. Akanipa kisahani mkononi nikague. Msalaba wangu juu, msalaba wangu chini. Ndani, kisahani chote kilikuwa kimefunikwa na utando mweupe, kama ule unaolala juu ya uji wa jana. Hao ndio wadudu, akasema, wameota usiku mmoja. Kwenye kijikaratasi cha chumvi walikuwa wamejaa mpaka ukingoni mwake, hawakujali. Lakini kijikaratasi cha maji yangu kilikuwa peke yake katikati ya duara safi. Umeshaona mahali mtu alipomwaga mafuta ya taa kwenye nyasi, zinavyokufa mviringo? Hivyo hivyo.

"Chumvi haifanyi hivi," akasema. "Hii ni dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Niliinusa tangu jana, nikataka uone mwenyewe maana wewe huamini mdomo wa mtu. Wewe hukuisikia harufu?"

Nikamwonyesha kopo langu la ugoro.

Akashusha pumzi. Akanieleza pole pole. Ile dawa inawaua wadudu wa juu, ndiyo maana kijiti chake kinatoka kitupu. Wa ndani kabisa haiwafikii, wanabaki wanachimba. Na nyama mpya ikitaka kuota, inaungua. "Kidonda chako kinajaribu kufunga kila siku, bibi. Na kila asubuhi kuna mtu anakichoma."

Kuna mtu. Hakusema nani.

Nilitembea mpaka Kashaulili kwa miguu, huo mguu mmoja ukivuta mwingine. Bodaboda wananiita, "Bibi panda," siwasikii. Nilikuwa nakusanya. Mafuta ya mgando, yale. Kanga mpya. "Ni chumvi, dada." Kijana na simu yake. Kila kitu alichonifanyia kizuri nilikigeuza nikaona mgongo wake. Mtu akishaanza hiyo kazi haimaliziki. Nilifika mpaka kwenye harusi yake, nikakumbuka alivyokataa sahani nilizompa.

Uani palikuwa pamejaa, ni saa ya chakula. Mdogo wangu amekaa kwenye kigoda anachambua mchele. Sikusubiri.

"Unaniwekea nini kwenye maji?"

"Chumvi. Karibu chakula."

"Na nini?"

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Na nini, nini?"

"Mimi nimetoka maabara. Maji yako yamepimwa. Yameua wadudu kisahani kizima. Na nini?"

Watu wakaacha kutafuna. Yeye akaanza tena kuchambua, lakini alikuwa anatupa mchele na kuacha mawe, nilimwona.

"Unataka shamba," nikasema.

"Nani?"

"Wewe na mwanao. Mguu ukatwe, nikae hapa uani kwako niwe nalinda jiko, nyie mkalete trekta."

Bodaboda mmoja, mdomo umejaa wali, akasema, "Bibi, tuacheni tumalize kula, halafu mgombane. Sisi tuna abiria."

"Nyamaza wewe!" tukamwambia wote wawili pamoja.

Mdogo wangu akaweka ungo chini. Akaja karibu, akainama sikioni kwangu, lakini yeye hana sauti ya kunong'ona, hajawahi kuwa nayo, na uani kote walisikia.

"Dada, ulikuwa unanuka."

Nikaangalia mguu wangu.

"Siku uliyofika, hawa waliinuka na sahani zao wakaenda kulia barabarani. Uliuliza wanakwenda wapi, nikakwambia wanaangalia ajali. Ajali gani? Ajali ilikuwa wewe. Kesho yake hawakuja kabisa. Nikasema nifanyeje, nimfukuze dada yangu? Nikatia kifuniko cha ile dawa ya vitambaa. Harufu ikakata. Wakarudi. Nikasema dawa inayong'arisha nguo itashindwaje na kidonda? Ningekwambia, ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi!"

"Na shamba?"

"Lile tope?" Akacheka kwa hasira. "Mimi nimekimbia lile tope na ruba zake nikiwa na matiti machanga, nilirudie leo na goti bovu? Mwanangu anapiga picha kila kitu. Alipiga picha mpaka choo chako. Kachukue na choo uweke kwenye kesi yako."

Yule bodaboda akasema, "Hiyo picha ya choo nimeiona." Watu wakacheka, na mimi nikataka kucheka nikajizuia. Niliamini nusu. Ile nusu nyingine niliifunga kwenye pindo la kanga nikakaa nayo.

Mama wa maabara alikuwa amenipa masharti. Siku kadhaa, maji yaliyochemshwa yakapozwa, basi. Hakuna chumvi, hakuna rangi mbili, hakuna kifuniko cha kitu chochote. Nikishanuka kweli kweli, nirudi.

"Yaani unataka kunuka kwa makusudi," mdogo wangu akasema.

"Nataka mguu wangu."

Mchana ule nikamwona anabeba sufuria zake, moja moja, anavuka barabara kwenda uani kwa jirani yake anayeshona mapazia. Akahamisha na mabenchi. Alilalamika siku zote zile, kwamba jiko la kule linavuta moshi, kwamba mashine ya cherehani inawapigia wateja kelele, kwamba mwenye nyumba anakula chapati bila kuhesabu. Lakini alihama. Nyumbani tukabaki mimi na mainzi.

Asubuhi ya kwanza akaniletea beseni, amejifunga kitambaa puani. Nikayaangalia yale maji. Maji ni maji, hayana uso. Pua yangu haikuniambia kitu.

"Kunywa kwanza," nikamwambia.

"Ninywe nini?"

"Hayo maji."

Akaelewa. Niliona macho yake juu ya kile kitambaa yanavyobadilika, nikajua hili hatalisahau, na mimi nilikuwa siwezi kulirudisha, tena sikutaka. Akaenda akaleta kikombe, akachota kwenye beseni, akashusha kitambaa, akanywa mpaka mwisho huku ananitazama. Akapindua kikombe nione kiko kitupu.

"Nikifa," akasema, "shamba litakuwa lako lote."

Akapandisha kitambaa, akaniosha. Ilikuwa hivyo kila asubuhi. Hakuniuliza tena, anachota, anakunywa, anapindua, anaosha. Na kwa mara ya kwanza tangu nifike mjini, maji hayakuniwasha.

Siku ya kwenda hospitali bodaboda wa kwanza alinikataa, wa pili akanikataa. Yule wa wali akakubali, akasema anakwenda kasi ili upepo ubaki nyuma. Mdogo wangu alifuata na mwingine. Sikufungwa kanga mpya wala sikupakwa mafuta. Tulipoingia, watu wa kwenye mabenchi walisogea kama maji yanavyompisha kiboko, na mdogo wangu, ambaye hajawahi kutoka nje na doa kwenye nguo, alikaa ubavuni kwangu akaweka mkono wake begani kwangu, akawa anawaangalia mmoja mmoja anayeziba pua.

Mama wa maabara alipofungua kitambaa akasema, "Sasa hapa tunaweza kuongea."

Kiliota. Kisahani cha damu kilijaa vidonge vidonge, vinang'aa, vibaya. Wakachukua hao wakawapanda kwenye kile cha manjano, wakaweka vijikaratasi vingi kwa mviringo, kila kimoja na dawa yake. Nikachora msalaba wangu kama kawaida. Niliporudi nikaonyeshwa. Cha rangi mbili wadudu walikuwa wamekikumbatia, wamejazana mpaka juu yake. Nikakumbuka kapsuli zote nilizofungua, na kuku wangu. Vingine vilikuwa na viduara vidogo vya kusikitisha. Kimoja tu kilikuwa na duara pana, safi, wadudu wamesimama mbali kama wameona moto.

"Hii hapa," akasema yule mama. "Ni ya sindano."

Nilichomwa hizo sindano mpaka makalio yakawa magumu. Sitahadithia. Usaha ukapungua, ukawa maji, maji yakakauka, na pembeni ya kidonda ikaanza kuingia nyama nyekundu kama ya samaki mbichi, inasogea taratibu kutoka kingoni kwenda katikati. Siku daktari alipomaliza na mimi aliweka tena kiganja chake chini ya goti langu. Nikafunga macho. Akakishusha mpaka kwenye kifundo, akapiga piga, akasema, "Nenda kalime. Lakini vaa mabuti."

Kabla sijaondoka nilipita kwa mama wa maabara. Nikamshukuru. Halafu nikamuuliza wale wadudu wangu wako wapi.

"Tumewachoma."

"Wote?"

"Wote, bibi."

"Hamkubakiza wa kufuga?"

Hapo ndipo nilipomwona anacheka. Lakini hakujibu, na mpaka leo sijui kama nimebakizwa mle kabatini au vipi.

Mavuno yaliyofuata mdogo wangu alikuja Usevya mwenyewe kuchukua mchele wake, peke yake, bila kijana. Alinikuta natoka jarubani, tope mpaka magotini, maana mabuti yananibana. Kovu lilikuwa limefunga, jeusi, linang'aa. Akaenda akachemsha maji, akayapoza, akaniletea beseni na kikombe ndani yake. Akachota, akanywa, akapindua.

Mimi siku hizi asubuhi sivuti ugoro mpaka niwe nimeshaoga, pua imeanza kurudi kidogo. Nikainama juu ya beseni, nikanusa.

"Umeridhika?" akauliza.

"Osha," nikamwambia, nikanyoosha mguu.